Kadi Haikuuliza Habari ya Moshi

Siku mliyoniaga mlinifunga kitenge kipya, mkanikatia keki, kisha mmoja wenu akasimama kusoma vyeo vyangu kimoja kimoja. Nilikaa namsikiliza nikahisi anasoma wasifu wa marehemu. Vyeo tuviache. Kuna mambo ambayo hayamo kwenye faili langu, mengine ya kushangaza na mengine makosa yangu mwenyewe, na kwa kuwa sasa hakuna wa kuniandikia barua ya onyo, nayaandika.

Mimi ni mkunga. Nilizaliwa milimani Upare, kwenye nyumba ambayo mafiga matatu yalikuwa katikati na sisi watoto tulilala tukiyazunguka. Nayataja mafiga mapema kwa sababu mtu aliyelelewa kwenye moshi haoni moshi. Kwetu ulikuwa sehemu ya nyumba. Ulikausha mahindi darini, ulifukuza mbu, na mgeni akifika asione moshi paani alijua hapa leo hapaliwi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Temeke, jengo la vyumba vinne lenye bati lililopiga kelele wakati wa mvua kiasi kwamba mama akilia kwa uchungu humsikii. Mkuu wetu alikuwa Sista Bernadeta. Hakuwa mtawa, wauguzi wote tuliitwa sista, hata yeye mwenye mume na watoto watano. Alikuwa Mmwera wa Nachingwea, mfupi, mkavu, na hakuniita kwa jina langu mpaka mwaka wa pili. Aliniita "Mpare" tu, na mgonjwa akianza kunilalamikia alimwambia, "Usibishane na huyu. Kwao kesi ya kuku inarithiwa na wajukuu."

Siku ya kwanza nilifika saa ikining'inia kifuani, kofia imenyooka, nina hamu ya kuzalisha. Sista Bernadeta akanipa karai. Ndani yake mlikuwa na kondo la nyuma, bado la moto.

"Osha, kisha niambie unaona nini."

Nikaosha. "Naona kondo la nyuma, Sista."

"Hilo hata mbuzi analiona. Rudia."

Niliosha mara tatu. Mara ya tatu niliuinua ule utando wake dirishani, jua la asubuhi likapita ndani, na ndipo nikaiona mishipa. Ilianzia kwenye kitovu ikatawanyika pande zote, mikubwa ikizaa midogo, midogo ikizaa myembamba kuliko uzi. Sista Bernadeta alisimama nyuma yangu akanieleza polepole, kwa sauti ambayo sikumsikia akiitumia kwa jambo jingine lolote. Upande huu ulikuwa wa mama. Upande huu ulikuwa wa mtoto. Damu zao mbili hazikuchanganyika hata siku moja. Zilipita jirani, ukuta mwembamba katikati, na kwenye ukuta huo hewa na chakula vilivuka kwenda, taka zikavuka kurudi.

"Na nani kalitengeneza?" akaniuliza.

"Mama."

"Mtoto. Kwa sehemu kubwa ni mtoto mwenyewe. Hana mkono, hana jicho, lakini kashajijengea jiko na choo."

Nilikaa kwenye kiti chake bila kuruhusiwa. Hakunifukuza.

Tangu hapo sikuosha kondo kwa haraka. Unalilaza, unahesabu vipande vyake usije ukaacha kimoja ndani mama akavuja damu, unapapasa kwa vidole. Kondo zuri ni laini. Jingine utalisikia lina chembechembe, mfano wa mchele wenye mchanga. Chembechembe kidogo mwishoni mwa mimba si ajabu, kila kitu huzeeka. Zikiwa nyingi kupita umri wa mimba, Sista Bernadeta aliandika. Ndugu wakilitaka tuliwapa wakalizike. Siku hizi wengi wamepanga na hawana ua wa kuzika chochote, kwa hiyo huishia kwenye shimo letu.

Alinifundisha pia kwamba mtoto ana ratiba. Moyo unaanza kupiga kabla mama hajawa na uhakika kama ana mimba au kachelewa tu. Vidole vinatenganishwa wiki fulani, kaakaa linafungwa wiki fulani, na wiki ikipita imepita. "Ukiona vyaelea, vimeundwa," alisema, na hakukuwa na mtoto mchanga aliyempokea bila kusema maneno hayo kimoyomoyo. Nilimwona midomo ikimcheza.

Vifaa vyetu vilikuwa utepe, mizani na fetoskopu, ile pembe ndogo ya mbao ambayo upande mmoja unauweka tumboni kwa mama na upande mwingine sikioni. Nyie mna mashine ya betri, moyo wa mtoto unasikika chumba kizima hadi baba aliyeko nje anatabasamu. Ni nzuri sana. Betri ikiisha mnaanza kutafutana. Mimi nawaombea mpende utepe. Unapima kuanzia mfupa wa kinena hadi juu ya tumbo la uzazi, na kuanzia mwezi wa tano hivi sentimita zinakwenda karibu sawa na wiki. Utepe hausemi tatizo ni nini. Unasema tu: hapa pamesimama, uliza.

Niliuliza, lakini niliuliza yaliyoandikwa kwenye kadi. Nilihamishiwa Vingunguti, karibu na machinjio, mahali ambapo vichwa na kwato za ng'ombe zilichomwa manyoya kwa moto tangu alfajiri na kila kanga iliyoanikwa ilikunjwa na weusi wa moshi wake. Nilipata watoto wadogo wadogo pale, nikaandika "lishe duni", nikawagombeza mama zao wale mchicha. Sina hesabu ya kuwaonyesha na siapi kwamba moshi ndio uliowafanya wawe wadogo. Ninachosema ni kwamba niliingia kazini nikikohoa, nikatoka nikikohoa, na sikuwahi kujiuliza.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa upande wa Kunduchi. Wagonjwa wangu wengi walikuwa kina mama wanaokaanga samaki pale wanapopakuliwa. Wanasimama mbele ya makaango makubwa, kuni chini, mafuta juu, macho mekundu, na bado wanataniana kutwa. Mmoja wao aliitwa Rukia, binti wa miaka ishirini na sita, wazazi wake watu wa Lindi, mumewe fundi wa kuchonga vitanda. Waliishi pamoja na mama mkwe wake, Bi Zuhura.

Rukia alikuja na mimba ya tatu. Ya kwanza ilitoka mapema, mtoto mdogo mno, akaishi siku sita. Wa pili alikuwa Shabani, aliyekuja naye mgongoni, umri wake miaka mitatu, mwembamba, anayebanwa kifua kila mwezi. Ukimweka karibu ulisikia pumzi yake ikipiga filimbi. Rukia alimzungumzia kwa sauti ya chini, mbele yake, jinsi watu wanavyozungumzia kikombe chenye ufa.

"Huyu ndo hivyo tena, Sista. Kashaharibika kifua. Mie nakuomba unisaidie huyu wa tumboni tu, azaliwe kakamilika."

Nikajaza kadi. Damu ipo. Presha nzuri. Mkojo safi. Malaria hakuna. Sigara: hapana. Pombe: hapana. Kadi ilikuwa safi kuliko yangu kama ningekuwa na mimba. Na kila alipoinama kupanda kitandani, ushungi wake ulinukia moshi na samaki, mpaka siku moja nikamtania, "Rukia, umetuletea kitoweo au harufu tu?" Akacheka, nikacheka, nikapima presha. Jibu lilikuwa limejitanda kichwani kwake, mimi nalifanyia mzaha.

Mimba hiyo ikiendelea tuliitwa semina. Nilikwenda kwa ajili ya chai na vitumbua, nakiri. Akasimama daktari, binti wa umri wa mwanangu, akaanza habari ya hewa. Alisema moshi una chembe ndogo mno, pua haiwezi kuzikamata. Zinashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu na kusafiri nayo. Akasema watafiti wameshayaona masizi kwa darubini ndani ya kondo la nyuma, hata upande wa mtoto.

Nikainua mkono kabla sijajijua. "Upande wa mtoto?"

"Upande wa mtoto, mama."

Miaka yote ile nimeuinua ukuta ule dirishani, nimeuonyesha wanafunzi, nimesema hapa hapiti kitu kiholela. Nilisahau kitumbua mkononi. Yule binti akaendelea. Si kila mama anayepika kwa kuni atazaa mtoto mgonjwa, alisema, lakini hatari inapanda: watoto kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa wadogo, mapafu kubaki madogo, na wanachunguza pia moyo, ubongo na figo. Kisha akaeleza figo. Kila figo ina vichujio vidogo sana, kwa maelfu na maelfu, na vyote vinajengwa tumboni. Mimba ikikaribia mwezi wa tisa fundi anafunga kazi. Baada ya hapo hakiongezwi hata kimoja. Ulivyozaliwa navyo ndivyo utakavyochujia damu mpaka unazikwa.

Nimezalisha watoto nisioweza kuwahesabu na sikuwa najua hilo. Nilitoka nje ya ukumbi nikasimama kwenye jua. Watu wanapita, wanauza maji, wanagombana, na kila mmoja wao ana figo mbili zilizomalizwa gizani kwa wakati wake na hajawahi kushukuru. Nililia kidogo. Mwenzangu akadhani naumwa tumbo.

Sasa mkunga aliyetoka semina ni mtu wa kuogopwa. Rukia alikuja wiki ile ile, mimba ya wiki thelathini, na utepe ukasema ishirini na saba. Nilimpeleka hospitali kubwa akapigwe picha. Daktari akasema mtoto mdogo kwa umri wake, moyo unakwenda sawa, maji yapo, afuatiliwe kila wiki. Nikamkalisha mbele yangu.

"Kuanzia leo kaango hulisogelei. Moshi ule unamfikia mtoto. Utakaa nyumbani, ndani, upumzike."

Rukia akakunja uso. "Sista, lakini kule pwani upepo upo. Nyumbani ndo..."

"Usinifundishe kazi, Rukia. Ndani. Pumzika."

Aliitikia kwa heshima, maana mimi ni mkubwa kwake na nina gauni jeupe. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Rukia alisikia la mkuu, na mkuu nusura amvunje guu.

Wiki iliyofuata utepe haukusogea. Ya pili ukasogea nusu sentimita, na nusu hiyo inaweza kuwa utepe nilivyoulaza. Alikuwa kaanza kukohoa. Nikamnusa, safari hii kwa makusudi. Samaki hawakuwepo. Palikuwa na mkaa na udi.

"Unakaa ndani?"

"Nakaa, Sista. Mlango sifungui kabisa, mvua hizi. Hata wifi akija nampokelea kitandani."

Saa sita mchana, baada ya kliniki, nikachukua mwavuli nikamfuata nyumbani kwake.

Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, vitatu huku vitatu kule, kila chumba na mpangaji wake. Kiangazi wote hupikia uani. Lakini ilikuwa masika, ua umejaa maji, na majiko yote yameingizwa ukumbini. Niliyahesabu matano. Mbele kabisa ya mlango wa Rukia palikuwa na jiko la mama mmoja anayepika maharage ya kuuza, na sote tunajua maharage yanachukua muda gani. Moshi wa mkaa unaoanza kuwaka ulikuwa umetanda, watu wanapita wamejiinamia, wanasalimiana vizuri tu. Nilijikuta nimerudi Upare.

Nikabisha hodi. Chumbani dirisha lilizibwa kwa nailoni kwa ajili ya mvua. Rukia kalala ubavu, mtiifu, ndani ya chandarua. Kwenye kigoda alikaa Bi Zuhura na chetezo miguuni, udi unafuka, Shabani kamwegemea goti, kifua kinapiga filimbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Tunamfukiza mgonjwa wako."

Alinieleza kwa fahari. Mimba isiyokua ina kijicho cha mtu, na kijicho hufukuzwa kwa udi. Zamani alimfukiza siku ya Alhamisi tu. Lakini tangu Sista mwenyewe aseme mkwewe alale ndani, ameona jambo ni zito, anamfukiza asubuhi na jioni.

Nikaushika ule mkunjo wa chandarua, chandarua tulichompa sisi kliniki, cheupe, siku alipoanza. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikasugua kwa kidole, nikakitazama kidole. Cheusi. Mtu anayelala ndani ya kitu kile alikuwa akivuta hewa iliyokwisha kukitia weusi, usiku na mchana, wiki mbili, kwa amri yangu. Nilimtoa kwenye upepo nikamfungia kwenye moshi, tena aliniambia, tena nilimkatisha.

Bi Zuhura alikiona kidole. Uso wake ukafunga. "Usije ukasema ni udi. Chetezo hiki kimefukiza wanangu saba, na wote wazima."

Hapo kuna njia mbili, na nimeona wauguzi wengi wakipita ile mbaya. Kuuliza si ujinga, na kukiri pia si ujinga.

"Mama, kosa ni langu," nikasema. "Mie ndiye niliyemwambia alale ndani. Sikumuuliza ndani kukoje. Alitaka kunieleza nikamkemea. Wewe umefanya kwa mapenzi, mimi nimefanya kwa kiburi."

Alitarajia vita, akakosa adui. Akauliza swali ambalo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. "Lakini huyo mtoto si yupo majini? Pua kaziba. Anauvutaje moshi?"

"Havuti, mama. Anakula. Chochote kinachoingia kwenye damu ya Rukia kinapita jirani yake, naye anachukua humo anachojengea. Saa hizi tunazoongea anajenga figo. Amebakiza wiki kama nne amalize. Akishamaliza haongezi."

"Haongezi kabisa?"

"Kabisa. Mpaka anazeeka."

Bi Zuhura akalitazama tumbo la mkwewe kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Niliona mshangao ule ule ulionikalisha mimi kwenye kiti cha Sista Bernadeta. "Yaani mwenyewe?" akanong'ona. "Humo humo, peke yake, gizani?" Akainuka na chetezo, akatoka nacho, nikasikia kikizima kwenye maji ya mvua.

Mambo mengine alifanya yeye, mimi nisingeweza. Mie ningeitisha mkutano nikatoa somo. Bi Zuhura alipita mlango kwa mlango na ukali wake wa kawaida. Nilimsikia kwa yule wa maharage: "Mwanangu, jiko lako linatoka leo. Tutafunga turubai upenuni, utapika hapo, na mvua ikikulowesha utakauka. Huyu mtoto hakauki." Kufikia jioni turubai limefungwa na majiko manne yametoka. La tano lilitoka kesho yake baada ya maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Na Rukia nilimrudisha pwani. Ndiyo, huko huko nilikomkataza. Hakukaanga, alikaa mbali na makaango, upande ambao upepo unatokea, akipara samaki magamba na wenzake wakimletea maji. Alikuwa amejua tangu mwanzo mahali hewa ilipo. Mimi ndiye niliyechelewa.

Kuanzia hapo kadi zangu zote zilikuwa na mstari wa kalamu pembeni: moshi wa nini, unapikia wapi, mvua ikinyesha unapikia wapi, jirani anapikia wapi, unalala wapi. Swali la mvua msilisahau. Mkimwambia mama aache jambo, muulizeni kwanza ataenda kukaa wapi. Na kama mnaweza, nendeni mkaone. Kliniki kila mtu anakuja amevaa nguo safi.

Wiki moja, sentimita moja. Wiki ya pili, moja na kidogo. Nilikuwa napima mara mbili mbili, Rukia anacheka anasema namtekenya. Alijifungua wiki ya thelathini na saba, saa nne asubuhi, mtoto wa kike, kilo mbili na robo. Alilia kabla sijamfuta. Nilimkabidhi kwa mama yake, kisha nikafanya kitu ambacho mkunga wa umri wangu huwaachia wanafunzi: nikachukua karai nikaliosha kondo mwenyewe. Lilikuwa dogo. Sehemu moja ilikuwa na chembechembe nyingi chini ya vidole, sehemu nyingine laini. Msinifanye niseme kwamba hapa ni ukumbini na hapa ni pwani. Kondo halisomeki hivyo, na mwenye kuwaambia linasomeka anawauzia maneno. Lakini lilifanya kazi yake mpaka mwisho likiwa limeumizwa, na mimi nililiinamia nikaliambia asante.

Sikutulia. Arobaini ilikuwa inaanza, na nyie mnajua arobaini: mzazi na mtoto ndani, mlango umefungwa, jiko la mkaa mvunguni mama apate joto, udi kwa mtoto. Kila kitu tulichokipigania kingeweza kurudi kwa sababu nzuri kabisa. Siku ya nne nikaenda. Mvua zilikuwa zimekatika. Nikawakuta barazani nyuma, Rukia kajifunga kanga mbili kwa ajili ya joto, mtoto mapajani kafunikwa vizuri, chumba chao wazi, nailoni imeng'olewa dirishani. Bi Zuhura alikuwa anachambua mchele. Shabani alicheza na vifuniko vya soda ukumbini, karibu na mlango wao, mahali alipozoea, kifua kikipiga filimbi yake ya kila siku.

Nilimpima mtoto, nikamwangalia kitovu, nikamsikiliza. Rukia alinisubiri nimalize.

"Sista, nakuuliza. Ndani kakamilika? Zile figo?"

Ningeweza kumdanganya. Kilikuwa kitu chepesi kabisa.

"Sijui, Rukia. Hakuna wa kuzihesabu akiwa hai. Zile alizowahi kujenga ndizo alizonazo, na nadhani wiki zile za mwisho alijenga kwa nafasi. Lakini mapafu bado."

"Bado nini?"

"Bado anayajenga. Mapafu hayaishi tumboni. Kazaliwa nayo madogo, na kila mwezi anaongeza vyumba vipya vya hewa. Hewa hii anayovuta hapa barazani ndiyo anayojengea."

"Mpaka lini?" Ni Bi Zuhura aliyeuliza. Mkono wake ulikuwa umesimama kwenye ungo.

"Miaka, mama. Mpaka anaanza shule, na bado."

Rukia ndiye aliyegeuza kichwa kwanza, akatazama ukumbini. Nilimwona akihesabu. Kwa miaka mitatu alikuwa amemlia mtoto yule kama kitu kilichokwisha kuvunjika, akaelekeza dua zake zote kwa mwingine.

"Sista," akasema. "Shabani ana miaka mitatu."

"Najua."

"Kwa hiyo na yeye..."

"Na yeye. Siwezi kukuahidi kwamba filimbi itaisha. Lakini hajamaliza, Rukia. Hajakaribia hata kumaliza."

Akajifunika uso kwa ncha ya kanga akalia, mtoto mchanga akitikisika mapajani mwake. Bi Zuhura aliweka ungo chini, mchele ukamwagika kidogo, akaenda ukumbini kwa ule mwendo wake wa magoti mabovu. Alirudi kambeba mjukuu, mkubwa kwa kubebwa na yeye mzee kwa kubeba, akaketi naye mahali palipokuwa na upepo kuliko pengine pote pale barazani. Akamwekea kiganja kifuani, pale pale penye mlio, akakiacha hapo.

"Jenga, baba," akamwambia. "Jenga polepole. Bibi yako udi nimeshazima."